Bawasiri kali: kisu cha 1937 hakijapata mpinzani

Mgonjwa wa bawasiri iliyokomaa unaweza kumtambua kabla hajafungua mdomo. Benchi la kusubiria lina nafasi, yeye kasimama. Akiitwa ndani anakalia ncha ya kiti, tena kwa paja moja.

"Shikamoo mzee. Nini kinakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Tumbo."

Daktari aliyezoea kliniki ya upasuaji haandiki tumbo. Anauliza choo kikoje, kigumu au laini. Anauliza kama kuna damu, kama kuna kinyama kinachojitokeza wakati wa haja, na kikitoka kinarudi chenyewe au mpaka kisukumwe kwa kidole. Hapo mzee hugeuka kuhakikisha mlango umefungwa, akamtupia jicho muuguzi, ndipo anasema. Ni miaka sasa, na nyumbani hakuna anayejua.

Katika miaka hiyo ameshatumia mengi. Mafuta ya kupaka ya duka la dawa, vidonge, mizizi ya kuchemsha, na pengine yule "mtaalamu" ambaye namba yake imebandikwa kwenye nguzo ya umeme: anatibu bawasiri, kisukari, nguvu za kiume na kurudisha mpenzi aliyepotea. Wako wanaopakwa au kuchomwa sindano ya dawa kali ya kuunguza hizo nyama mpaka zidondoke. Kinachodondoka mara nyingi si bawasiri peke yake. Ngozi nayo huungua, kovu huja, njia husinyaa, na mtu aliyeingia na tatizo la kuvuja damu anatoka na tatizo la kushindwa kabisa kutoa choo. Kurekebisha kovu la namna hiyo ni kazi kubwa kuliko operesheni aliyokuwa anaikimbia.

Anaikimbia kwa sababu kasikia habari zake. Kila mtaa una mtu aliyefanyiwa, au mwenye shemeji aliyefanyiwa, na simulizi huwa moja: maumivu. Hilo sitalipinga. Ninachokipinga ni fikra iliyoenea mijini kwamba operesheni ya kisu na uzi imepitwa na wakati, ni ya maskini, na kwamba mwenye uwezo huenda akapigwa leza asubuhi na jioni akarudi kazini. Kwa bawasiri iliyofika daraja la mwisho, ushahidi unasema kinyume. Mgonjwa anayelazwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Lindi au Sumbawanga, akapasuliwa kwa njia ya zamani na mtu anayeijua kazi, hapati makombo. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kumkalisha chini na kumweleza wiki mbili za baada ya kisu zitakuwaje.

Mito iliyoteleza

Kila mtu ana mito midogo ya nyama laini na mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Kwa kawaida ni mitatu mikubwa; mtu akilala chali na ukichukulia njia hiyo kuwa uso wa saa, imekaa kwenye namba 3, 7 na 11. Ina kazi. Msuli wa duara unaofunga njia hiyo haufungi kikamilifu. Mito hujaa damu na kuziba upenyo unaobaki, ndiyo maana unaweza kuzuia hata upepo ukiwa katikati ya watu. Mwaka 1975 daktari Mwingereza, W. H. F. Thomson, alionyesha kwamba bawasiri ni mito hiyohiyo ya kawaida iliyoteleza kutoka mahali pake baada ya nyuzinyuzi zinazoishikilia kulegea. Kinachozilegeza ni kujikamua chooni miaka nenda miaka rudi, mimba, umri, na kukaa chooni muda mrefu, tabia ambayo simu za mkononi zimeizidisha.

Bawasiri za daraja la kwanza huvuja damu lakini hazitoki. Za pili hutoka wakati wa haja na kurudi zenyewe. Za tatu hazirudi mpaka zirudishwe kwa kidole. Za nne zimeshatoka na hazirudi tena, ukisukuma zinatoka palepale. Mpangilio huu ulienezwa na John Goligher, bingwa wa upasuaji wa Leeds, Uingereza, na hadi leo ndio unaoandikwa kwenye faili la mgonjwa. Si mpangilio mkamilifu, kwa kuwa hausemi lolote kuhusu kiasi cha damu kinachopotea wala adha anayoipata mtu. Lakini ndio unaoamua nani aende chumba cha upasuaji: wa nne, wa tatu aliyeshindikana kwa njia nyepesi, na yeyote anayevuja damu mpaka anaishiwa.

Hao wa mwisho wanahitaji kutajwa peke yao. Mtu anavuja kidogokidogo kila siku, anazoea, anaendelea na shughuli zake. Siku moja anaanguka kwenye ngazi. Anapimwa malaria, anapewa vidonge vya kuongeza damu, mwezi ujao anarudi palepale, kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali la choo na yeye hakuthubutu kulisema. Wanakufa na tai shingoni. Mgonjwa kama huyu huongezewa damu kwanza, ndipo kisu kifuate.

Kabla ya kisu, kidole

Daktari asiyempima mgonjwa kwa kidole hajamtibu bawasiri, kabahatisha. Kipimo chenyewe hakihitaji umeme wala maabara. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti kayavuta kifuani. Daktari huvaa glovu, hupaka mafuta ya kulainisha, huingiza kidole kimoja taratibu, kisha kifaa kifupi cha bomba chenye mwanga, proktoskopu, ili aone kwa macho. Dakika tatu au nne, kazi imekwisha.

Kidole hicho hakitafuti bawasiri, kwa kuwa bawasiri laini za ndani hata hazishikiki vizuri kwa kidole. Kinatafuta uvimbe mgumu. Saratani ya sehemu ya chini ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na mgonjwa pamoja na watu wake huiita bawasiri mpaka siku imekwisha kusambaa. Mtu mwenye bawasiri anaweza kuwa nayo na saratani juu yake. Kimoja hakifukuzi kingine. Kwa hiyo aliyevuka miaka 45 au 50, aliyekonda bila sababu, ambaye choo chake kimebadilika mwenendo, au mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani hiyo, anastahili kupimwa kwa kamera ya utumbo mpana kabla mtu hajashika kisu. Kipimo hiki hakipo kila mahali na si cha bei rahisi. Pasipo nacho, kidole hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwetu kuna mtego mwingine ambao vitabu vya Ulaya huupitia haraka. Kandokando ya Ziwa Victoria watu wengi wamekulia kwenye maji yenye kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo ya ugonjwa huo huishia kwenye ini, yakaacha makovu yanayoziba njia ya damu inayotoka kwenye utumbo. Damu iliyozuiwa hutafuta vichochoro: nyingine hupitia kwenye koo la chakula, nyingine huteremka hadi sehemu ya chini ya utumbo mpana, ambako mishipa hufurika na kuvimba. Ukiichungulia unaweza kuiita bawasiri. Ukiikata kama bawasiri, mgonjwa anaweza kumwaga damu mezani. Ndiyo sababu daktari wa Mwanza au Musoma huanza kwa kupapasa bandama na kuuliza kama mtu amewahi kutapika damu, maswali ambayo mgonjwa huona hayahusiani kabisa na alichojia. Ini lililoharibiwa na homa ya ini au pombe huleta hali hiyohiyo.

Na mjamzito aachwe. Bawasiri za mimba nyingi hunywea zenyewe baada ya kujifungua; dawa za kulainisha choo, maji ya uvuguvugu na subira humvusha.

Mpira kabla ya kisu

Ndani ya njia ya haja kubwa kuna mstari ambao madaktari wa upasuaji wanauheshimu. Juu ya mstari huo, utando wa utumbo hausikii kukatwa wala kuchomwa. Chini yake kuna ngozi yenye mishipa ya fahamu tele, inayosikia kama ncha ya kidole. Karibu siri yote ya matibabu ya bawasiri, na maumivu yake, iko kwenye mstari huo.

Kwa daraja la pili na baadhi ya la tatu, daktari hufanya kazi juu ya mstari. Hushika bawasiri kwenye shina lake na kulivisha kimpira kidogo cha kubana. Damu haipiti, nyama hunyauka, na baada ya siku kadhaa hudondoka pamoja na choo, mara nyingi mwenyewe asijue. Njia hii ilipata umaarufu baada ya James Barron wa Detroit kuieleza mwaka 1963. Haihitaji kulazwa wala nusu kaputi. Kasoro yake ni kwamba bawasiri hurudi. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 372 wa daraja la pili na la tatu, karibu nusu ya waliofungwa mpira mara moja walikuwa na tatizo tena ndani ya mwaka mmoja, asilimia 49. Waliofanyiwa operesheni ya kufunga mishipa kwa msaada wa mawimbi ya sauti walikuwa asilimia 30. Lakini mpira ukirudiwa, tofauti hiyo karibu inafutika, na mpira ni nafuu na hauumi sana. Kwa hiyo anayefuatwa na kisu akiwa daraja la pili aulize kwanza: mpira umejaribiwa?

Kwa daraja la nne swali hilo halipo. Hapo nyama imeshashuka chini ya mstari, imevaa ngozi, na kuifunga mpira ni kufunga mahali panaposikia. Mtu angepiga kelele hadi barabarani.

Hospitali ya vitanda saba

Kelele zenyewe zina historia ndefu. Maandishi ya Kigiriki ya shule ya Hippocrates yanafundisha kuchoma bawasiri kwa chuma cha moto huku wasaidizi wamemshikilia mgonjwa, na yanashauri aachwe apige kelele, kwa kuwa kupiga kelele huzisukuma bawasiri zijitokeze zaidi. Mwaka 1835 daktari Frederick Salmon alifungua London kituo cha vitanda saba kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya sehemu hii, maradhi ambayo hospitali nyingine hazikuwa na hamu nayo. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Hospitali ya St Mark's. Mwaka 1841 Salmon alimpasua mwandishi Charles Dickens, aliyekuwa na kidonda cha usaha kandokando ya njia ya haja kubwa, bila dawa yoyote ya usingizi. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani Boston miaka mitano baadaye.

Kabla ya kufika kwenye operesheni ya leo, wapasuaji walijifunza kwa wagonjwa wao ubaya wa pupa. Mwaka 1882 Walter Whitehead wa Manchester alieleza namna ya kukata duara zima, bawasiri zote kwa mkupuo mmoja, kisha kushona utando wa ndani kwenye ngozi. Mikononi mwa wengine wengi matokeo yalikuwa ya kusikitisha: utando wenye unyevu ulihamia nje, nguo zikawa hazikauki, au njia ikasinyaa kwa kovu.

Ndipo mwaka 1937, St Mark's ileile, Edward Milligan, Clifford Naunton Morgan na wenzao wakachapisha katika jarida la *The Lancet* njia inayobeba majina ya hao wawili hadi leo. Nieleze inavyokwenda, maana wengi wanaopasuliwa hawajui kilichofanyika nyuma yao.

Mgonjwa hupigwa ganzi ya mgongoni, au nusu kaputi, na miguu kuinuliwa kwenye vishikio. Daktari hushika bawasiri ya kwanza kwa koleo na kuivuta nje, hukata ngozi kwa umbo la herufi V upande wa nje, kisha huichambua nyama hiyo kutoka juu ya msuli wa duara. Hapa ndipo ufundi ulipo. Msuli wa ndani huonekana kwa nyuzi zake nyeupe zilizolala kimduara, na kila uzi mweupe unaokatwa bila kukusudia ni mkopo ambao mgonjwa ataulipa uzeeni, atakaposhindwa kuzuia choo. Mpasuaji mzuri huusukuma msuli ule chini polepole, hubaki na shina la bawasiri peke yake, hulifunga kwa uzi mzito na kulikata. Anahamia ya pili, ya tatu. Katikati ya kidonda na kidonda lazima abakize daraja la ngozi na utando ambalo halijaguswa, maana ndilo litakalozuia njia isisinyae. Vidonda vyenyewe havishonwi. Akimaliza, kinachobaki kinatakiwa kifanane na jani la vipande vitatu. Kwa mkono uliozoea, yote hayo huchukua kama nusu saa.

Vifaa vyake ni kisu au mkasi, koleo chache, uzi, na mashine ya umeme ya kukausha damu kama ipo. Basi. Hakuna kilichotajwa hapo ambacho chumba cha upasuaji cha hospitali ya mkoa hakina. Mwaka 1959 James Ferguson wa Grand Rapids, Michigan, pamoja na mwenzake Heaton, walichapisha namna ya kushona vidonda hivyo badala ya kuviacha wazi, na Wamarekani wengi huipenda hiyo. Tofauti kati ya hizi mbili si kubwa kiasi cha kumfanya mgonjwa abadilishe hospitali.

Stepla, mawimbi na leza

Tatizo la kisu lilibaki lilelile, vidonda vilivyo chini ya mstari. Mtaliano Antonio Longo akafikiri: kwa nini tukate huko chini wakati kinachohitajika ni kuirudisha mito juu? Tangu 1993 alianza kutumia stepla ya duara, mashine inayokata ukanda wa utando sentimita kadhaa juu ya mstari na wakati huohuo kushona kwa vipini vidogo vya chuma. Bawasiri huvutwa kurudi ndani, na kidonda kinabaki mahali pasiposikia. Mwaka 1998 aliitangaza, na dunia ikaipokea kwa shangwe. Wagonjwa walitoka hospitali mapema na kurudi kazini mapema. Mashine hutumika mara moja na kutupwa, kwa hiyo viwanda navyo vilishangilia.

Waingereza wakaamua kupambanisha. Katika hospitali 32, wagonjwa 777 waligawanywa kwa kura, nusu stepla, nusu kisu, wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wiki za mwanzo stepla ilishinda kwa maumivu, kama ilivyotarajiwa. Baada ya hapo mambo yakageuka. Hadi mwaka wa pili, asilimia 42 ya waliofuatiliwa upande wa stepla walikuwa na bawasiri tena, dhidi ya asilimia 25 upande wa kisu. Hali ya maisha ya waliopasuliwa kwa kisu ikawa bora zaidi kwa ujumla, na gharama ikawa ndogo. Ongeza juu yake kwamba stepla, mara chache sana, imeleta balaa ambalo kisu hakilijui: utumbo kutoboka, usaha kuenea nyonga, kwa wanawake tundu kati ya utumbo na uke.

Njia ya mawimbi ya sauti ilianzia Japani, kwa Morinaga na wenzake, mwaka 1995. Kifaa husikiliza mishipa inayopeleka damu kwenye bawasiri, na daktari huifunga mmoja baada ya mwingine kwa uzi, juu ya mstari, bila kukata kitu. Siku hizi mara nyingi huongeza nyuzi za kuirudisha mito juu. Ni njia ya heshima kwa daraja la pili na la tatu.

Leza ndiyo inayotangazwa sana mijini kwa sasa. Uzi mwembamba wa mwanga huingizwa ndani ya bawasiri na kuichoma kutokea ndani mpaka inywee. Maumivu ni kidogo kweli, na nisingemlaumu mtu wa daraja la pili au la tatu anayeichagua kwa pesa yake akijua kwamba uwezekano wa kurudi ni mkubwa kuliko wa kisu. Ninachokiona si haki ni kumuuzia mtu wa daraja la nne, mwenye nyama zinazoning'inia na ngozi juu yake, kwa tangazo la "bila kisu, bila maumivu, moja kwa moja". Hilo la tatu si kweli kwa operesheni yoyote ya bawasiri, ya zamani wala mpya.

Wiki mbili

Sasa maumivu. Ganzi ya mgongoni ikiisha, usiku wa kwanza, mgonjwa hujua kwa nini shemeji yule alisimulia alivyosimulia. Siku hizi daktari anaweza kuongeza sindano ya ganzi ya masaa mengi kandokando ya njia kabla hajamaliza, na hiyo huokoa usiku huo. Kabla hujalala mezani uliza kama utapewa. Dawa za maumivu zitumike kwa saa zake, parasetamo pamoja na nyingine ya kundi la diklofenaki kama figo na tumbo vinaruhusu, bila kusubiri mpaka iume. Dawa kali za jamii ya morfini zina ubaya mmoja hapa: hufunga choo. Metronidazoli, ya vidonge au ya kupaka, imeonekana kupunguza maumivu kwa baadhi ya wagonjwa.

Wengine, hasa wanaume, hushindwa kukojoa usiku huo wa kwanza. Si ugonjwa mpya. Ganzi na maumivu hufanya kibofu kigome, na mpira wa mkojo kwa siku moja humaliza tatizo.

Kinachoogopwa na wote ni choo cha kwanza, siku ya pili au ya tatu. Kosa linalofanywa na wengi ni kukikimbia: mtu anaacha kula ili asiende. Choo kinakaa, kinakauka, kinakuwa jiwe, na siku kikiamua kutoka kinapasua kila kilichoanza kupona. Dawa ya maji ya kulainisha choo ianze siku ileile ya operesheni, au hata kabla yake. Uji, papai, mchicha, maharage, ugali wa dona badala ya sembe, maji ya kutosha. Mtu akiuma meno choo cha kwanza kikapita laini, cha pili huja na hofu pungufu.

Kila baada ya haja, aoshe kwa maji, asitumie karatasi kavu. Watu wa kopo wako mbele ya watu wa karatasi katika hili. Kisha akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, kumi na tano. Maji hayo hayaponyi kidonda. Hulegeza msuli wa duara uliojikaza kwa maumivu, na kwa kweli sehemu kubwa ya maumivu ya siku hizo ni ya msuli huo. Hakuna haja ya kutia dawa ya kuua vijidudu ndani ya beseni, maana huunguza tu.

Kidonda kitatoa maji maji yenye damu kwa wiki kadhaa, na kitambaa au pedi itahitajika hata kwa mwanamume, jambo ambalo wodini huwa hawaambiwi mpaka waone wenyewe. Wanaoswali huuliza kuhusu udhu wao, na hulionea haya swali hilo kuliko hata ugonjwa. Mwenye udhuru ana hukumu yake inayojulikana: husafisha, hujifunga, hutawadha kwa kila swala ya faradhi ukifika wakati wake, akaswali. Sheikh wa mtaa atamweleza.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 uzi na nyama iliyofungwa hudondoka, na hapo ndipo wachache huvuja damu nyingi ghafla. Wengi wao huwa wameshatoka hospitali. Aliyepasuliwa Dar es Salaam asipande basi la Songea siku ya nane. Akae kwa ndugu, karibu na hospitali, mpaka kipindi hicho kipite. Damu ya matone chooni ni ya kawaida. Damu inayojaza beseni, au mabonge, au kizunguzungu ukisimama, ni ya kurudi hospitali usiku huohuo. Homa pamoja na kushindwa kukojoa ni hivyohivyo.

Bodaboda isahaulike kwa mwezi. Mwenye kazi ya ofisini hurudi baada ya wiki mbili hadi nne, mbeba mizigo achukue zaidi. Vidonda huziba kabisa karibu na wiki ya 6 au ya 8.

Kliniki ya wiki ya 6 isikosekane, hata kama mtu amekwisha kujisikia mzima. Daktari atapima tena kwa kidole, safari hii akitafuta kovu linalobana. Likigundulika mapema hutanuliwa kidogokidogo bila kisu. Na siku hiyo mgonjwa aulize majibu ya maabara. Nyama zilizokatwa ni vizuri zipelekwe kupimwa, hasa kwa mtu mzima na kwa nyama yoyote iliyoonekana si ya kawaida. Ikiwa ndugu ndio waliopewa kichupa wakipeleke maabara wenyewe, wahakikishe kina dawa ya kuhifadhia na jina limeandikwa kwenye kichupa, si kwenye kifuniko.